Elektroni ya ziada kwenye kishada cha maji: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kidogo kidogo. Mengine wananiuliza vijana wa tuisheni pale Ngamiani barabara ya 12, hapa Tanga, mengine nimeulizwa kwenye kahawa na watu wazima kabisa, ambao wakisikia nimesema elektroni inakaa kibarazani wanasogeza kiti karibu. Nimejibu vilevile ninavyojibu kwa mdomo, kwa hiyo ukikuta jibu moja refu na lingine mistari miwili usishangae, swali lenye nyama nimelila lote.

Elektroni ya ziada ndo ipi? Kwani maji hayana elektroni zake?

Yanazo. Molekuli moja ya maji ina elektroni 10, oksijeni inaleta 8 na kila haidrojeni inaleta 1, na zote hizo zimeshapata nafasi zao. Sasa ukileta ya 11 inakuta pamejaa. Sio ya oksijeni, sio ya haidrojeni, sio ya molekuli yoyote pale, imekuja tu. Hiyo ndo ya ziada.

Usiichanganye na elektroni za kwenye waya. Umeme unaozalishwa Hale na Pangani unapita kwenye metali, na ndani ya metali elektroni zimezoea kutembea, barabara ipo tayari. Kwenye maji barabara hiyo hakuna. Elektroni ikiingia inabidi maji yenyewe yajipange upya ndo ipate pa kukaa, na mi nikiulizwa kwa nini naipenda hii mada huwa nasema ni kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mwenyeji na mgeni wanatengenezana.

Kishada cha maji ni kitu gani, na kwa nini mtu ahangaike nacho wakati bahari ipo hapo?

Kishada, wengine wanaita klasta, ni molekuli chache za maji zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, 2, 6, 20, 50, hata 200, zinaelea kwenye ombwe, yaani patupu pasipo hata hewa, bila kugusa chombo chochote. Tone moja la kawaida la maji lina molekuli kama bilioni moja mara bilioni moja, halafu zidisha tena kwa elfu moja na mia sita na kitu. Humo ndani elektroni moja utaijuaje nani kaishika?

Fikiria juya, ule wavu mkubwa wa samaki unaovutwa kutoka ufukweni. Likivutwa na watu 40 huwezi kujua nani anavuta kweli na nani kashika kamba tu anaimba. Wabakize 6 ufukweni, hapo kila mtu anaonekana. Kishada ndo wale 6. Unaongeza mmoja mmoja huku unaangalia kipi kimebadilika, mpaka ufike mahali kishada kinaanza kufanana na maji ya bahari. Vishada vya maji vyenye elektroni moja ya ziada vilionekana mara ya kwanza vikielea peke yake mwaka 1981, ilikuwa timu ya Haberland kule Freiburg, Ujerumani.

Molekuli moja tu ya maji inaweza kuishika elektroni?

Haiwezi, na sababu yake ni nzuri. Molekuli ya maji ina upande wa oksijeni ulio hasi kidogo na upande wa haidrojeni ulio chanya kidogo, na ukubwa wa huo utofauti unapimwa kwa debai, maji yana 1.85. Nadharia inasema ncha mbili zilizotulia zikifika debai 1.625 zinatosha kuinasa elektroni, kwa hiyo ukiishia hapo utasema maji yamefaulu. Ila molekuli haitulii, inazunguka, na ukihesabu na huo mzunguko kiwango kinapanda mpaka kama 2.5. Kwenye karatasi imefaulu, kwenye vitendo imefeli.

Mbili je?

Mbili zinaweza. Zikikaa vizuri ncha zao zinajumlishana zinavuka kile kiwango. Lakini zinaishika kwa ncha za vidole, nguvu yake ni kama elektronivolti (kipimo cha nishati ya vitu vidogo hivi) 0.045 hivi, wakati kwenye atomu ya haidrojeni elektroni imeshikwa kwa 13.6. Joto tu la kawaida la hapa mjini, nyuzi 30, lina kama 0.026 kwa kila mtikisiko, yaani zaidi ya nusu ya kile kinachoishikilia. Ndo maana hivi vitu vinatengenezwa kwenye baridi kali. Na elektroni yenyewe hapo imetandaa mbali sana, ni kubwa kuliko hizo molekuli mbili zinazoishika, kama shuka limetundikwa kwenye msumari mmoja.

Ukipanga vishada vidogo kwa wingi wake unakuta 2, 6, 7 na 11 vinajitokeza kuliko majirani zao. Sio idadi yoyote inayopokea mgeni kwa ukarimu sawa.

Ni molekuli ipi hasa inayoishika? Wote au mmoja?

Hapa naomba uchukue unga wa ngano. Kweli kabisa. Kanda donge gumu, katakata vidonge 6 ukubwa wa gololi, kila kidonge chomeka njiti 2 za kiberiti, usiziweke kinyume moja huku moja kule, ziwe na pembe ya nyuzi 104 na nusu, yaani zimepanuka kidogo kuliko kona ya daftari. Kidonge ni oksijeni, njiti ni haidrojeni. Sheria ni moja tu, njiti ya mmoja inapenda kuelekea kidonge cha mwenzie.

Sasa zipange upendavyo ila molekuli moja iwe na njiti zake zote mbili zimetazama nje, kwenye hewa tupu. Kuna binti mmoja wa kidato cha tano alikaa na hivyo vidonge kama dakika 20, akaja kuniambia mwalimu, huyu mwenye miguu yote nje haitulii mpaka wawili wamshike kwa nyuma. Sikumwambia kitu, nilimpa tu karatasi achore alichokiona, maana alichokiona ndicho kile kile ambacho Johnson wa Yale na wenzake walikionyesha mwaka 2004 kwenye vishada vidogo vya maji. Kuna molekuli moja inayopokea bondi mbili za haidrojeni, yaani njiti mbili za wenzake, mgongoni kwenye oksijeni yake, yenyewe haimpi mtu, na haidrojeni zake zote mbili zimefunguka kuelekea elektroni. Walijua vipi? Waliimulika kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Bondi ya oksijeni na haidrojeni ikiwa karibu na elektroni inalegea, inatetemeka taratibu zaidi, na huo utetemekaji unasomeka. Yaani walimtambua mshikaji kwa sauti yake.

Elektroni inakaa ndani ya kishada au juu yake?

Hili ndo swali lililogombanisha watu miaka na miaka, na hapa sitaharakisha.

Mtu wa Tanga anaelewa haraka, maana nyumba zetu zina baraza. Mgeni anaweza kukaa kibarazani, ameegemea ukuta, anahesabika kuwa ni wa nyumba hii lakini upepo wa nje unampiga. Au anaingizwa ndani, anazungukwa na watu pande zote. Elektroni ya kibarazani imetandaa juu ya ngozi ya kishada. Ya ndani imekaa kwenye kijishimo na haidrojeni za molekuli za jirani zimeielekea.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Barnett, Landman, Cleveland na Jortner walipiga hesabu kwa kompyuta wakasema vishada vidogo vinaiweka kibarazani na vikubwa vinaiingiza ndani. Mwaka 1990 timu ya Bowen kule Johns Hopkins ikapima kishada kimoja kimoja, kuanzia molekuli 2 mpaka 69, elektroni imeshikwa kwa nguvu kiasi gani. Walipoichora ile nguvu dhidi ya 1 gawanya kwa upana wa kishada ikatoka mstari ulionyooka, unapanda unapanda kuelekea elektronivolti 3.3 kwa maji yasiyo na mwisho, na vipimo vya baadaye vya maji yenyewe ya kimiminika vimekaa kwenye kama 3.7. Wengi wakasema basi, mstari unaelekea kwenye bahari, hiyo ni elektroni ya ndani.

Halafu 2005 timu ya Neumark kule Berkeley ikabadilisha jinsi ya kutengeneza vishada, vikatoka vingine kabisa, idadi ile ile ya molekuli mpaka 200, lakini elektroni imeshikwa kwa nguvu ndogo mno. Wakasema hizi ndo za kibarazani, kwa hiyo zile za zamani ni za ndani. Inaleta maana si ndio? Mwaka huo huo Turi, Sheu na Rossky wakaja na hesabu zao wakasema hapana, hata zile mnazoita za ndani sifa zake zinaendana zaidi na za juu ya ngozi.

Vijana huwa wananiuliza sasa nani kashinda. Mi naegemea kwamba namna zote mbili zipo, na kinachoamua sio ukubwa peke yake, ni ukubwa pamoja na joto la kishada wakati elektroni inafika. Kishada cha baridi sana molekuli zake zimeshashikana kisawasawa, kila bondi imepata mwenzake, mgeni akigonga hakuna anayeachia mkono ili amfungulie, anabaki barazani. Kikiwa na joto kidogo bondi zinaachia na kushika tena, nafasi inapatikana. Ndo maana siipendi ile namna ya kusema elektroni inakaa hapa, nukta. Uliza kwanza kishada kilikuwaje ilipofika.

Vitu vidogo hivyo vinapimwaje?

Gesi ya agoni inapitishwa juu ya maji ibebe mvuke, afu inafyatuliwa kwa presha kupitia kitundu chembamba kuingia kwenye ombwe. Ikitanuka ghafla inapoa vibaya sana, mvuke unashikana kuwa vishada. Papo hapo unapigwa na mkondo wa elektroni, zile zilizopungua mwendo zinanaswa. Kisha vishada vyote vinasukumwa kwa umeme vikimbie, vyepesi vinatangulia, vizito vinachelewa, molekuli moja ina uzito wa 18 kwa hiyo ya 50 ni 900, unachagua unayemtaka kwa muda wake wa kufika.

Halafu leza. Pigo la kwanza linainyanyua elektroni ngazi moja ya nishati juu. Pigo la pili linaing'oa kabisa, nawe unapima imetoka na mwendo gani, hapo unajua ilikuwa ngazi gani wakati inang'olewa. Ukichelewesha pigo la pili kidogo kidogo unapata picha moja baada ya nyingine, kama sinema.

"Kutulia" kwa elektroni kunamaanisha nini?

Umeshapanda ngalawa? Ukiruka ndani kutoka gatini kuna mambo mawili yanatokea. Wewe unatoka kwenye kusimama unaingia kwenye kukaa, na ngalawa inayumba mpaka itulie na uzito wako. Elektroni iliyonyanyuliwa na leza ni mtu aliyesimama kwenye ngalawa. Kutulia ni yote mawili, elektroni kushuka ngazi ya chini na maji kujipanga upya kuizunguka.

Ubishi ulikuwa wapi sasa: je, ngalawa inatulia kwanza huku mtu kasimama, ndo baadaye anakaa? Au anakaa fasta, halafu ngalawa ndo inayumba akiwa ameshakaa? Kwenye maji ya kimiminika watu walibishana muda mrefu maana vipimo vilionyesha nyakati kadhaa tofauti, na kila kambi ilikuwa inasema muda huu ni wa hiki na ule ni wa kile. Vishada ndo vilisaidia. Vilionyesha anakaa kwanza, na haraka mno.

Haraka kiasi gani?

Kwa femtosekunde. Chukua sekunde moja uigawe mara milioni bilioni, kipande kimoja ndo femtosekunde. Mwanga wenyewe, ambao kwa sekunde moja unaizunguka dunia mara saba na zaidi, ndani ya femtosekunde 100 unasogea mikromita 30, haumalizi hata unene wa unywele wa kawaida. Na ucheleweshaji wa pigo la pili unafanywa hivyo hivyo, unasogeza kioo nyuma mikromita 15, mwanga unakwenda na kurudi, umechelewa femtosekunde 100. Hiyo mbinu ya kupiga picha kemia kwa mwendo huu ndo ilimpa Ahmed Zewail Nobel ya kemia mwaka 1999, mtoto wa Damanhur, Misri, Mwafrika mwenzetu, na huwa nalitaja jina lake darasani kwa sauti.

Mwaka 2004 timu ya Zewail ilitazama vishada vya molekuli 15 mpaka 35, na timu ya Neumark ikatazama 25 mpaka 50. Kwa Neumark, kishada cha 25 elektroni ilishuka ndani ya kama femtosekunde 180, cha 50 kama 130. Walipokwenda mpaka 200 ikafika kama 60. Ukiufuata mwelekeo huo mpaka bahari nzima unapata kama 50.

Mbona kishada kikiwa kikubwa ndo inatulia haraka? Si watu wengi wanachelewesha?

Swali zuri kuliko yote, na lilinisumbua hata mimi. Tumezoea kikao cha watu wengi kinachelewa. Hapa wengi wanasaidia. Elektroni ikitaka kushuka inabidi nishati iliyonayo ipokelewe na mtu, haiwezi kuitupa hewani tu ndani ya muda mfupi hivyo. Kwenye kishada kidogo imetandaa kwa nje, inagusana na wachache. Kikikua, molekuli zinaizunguka kwa karibu zaidi, wapokeaji wameongezeka. Na angalia kitu cha ajabu zaidi, kishada kikikua ngazi yenyewe ya kushuka inakuwa ndefu zaidi, maji ya kimiminika yana ngazi ya kama elektronivolti 1.7, vishada vidogo iko chini ya hapo, na bado kikubwa ndo kinawahi. Kwa hiyo sio urefu wa ngazi unaoamua, ni mikono inayopokea.

Una uhakika gani kwamba ni maji yanayopokea, na sio elektroni inajishukia yenyewe?

Maji mazito. Kwangu mimi huu ndo ushahidi mtamu kuliko wote na ningekuwa na ruhusa ya kufundisha jambo moja tu kwenye mada nzima ningefundisha hili.

Haidrojeni ya kawaida kiini chake ni protoni moja tu. Kuna nyingine, deuteri, ina nyutroni juu yake, uzito umekuwa mara mbili. Hata pale Raskazone unapoogelea, katika kila haidrojeni 6,400 hivi za maji ya bahari moja ni hiyo nzito. Ukikusanya nzito tupu unapata maji mazito, molekuli yake ina uzito wa 20 badala ya 18. Sasa sikiliza vizuri. Chaji ni zile zile. Umbo ni lile lile. Elektroni ikiangalia maji mazito na mepesi kwa jicho la umeme haioni tofauti. Kilichobadilika ni kimoja, haidrojeni zimekuwa nzito kuyumba.

Ukirudia jaribio kwenye vishada vile vya 25 mpaka 50 kwa maji mazito, muda wa kushuka unakuwa karibu mara mbili. Kama elektroni ingekuwa inajishukia yenyewe, isingejali uzito wa haidrojeni. Imejali. Maana yake inapokelewa na kule kuyumba kwa molekuli, zile haidrojeni kutikisika huku na huku kama mtu anayetikisa kichwa, na mwenye kichwa kizito anatikisa polepole. Nilipomaliza kueleza hili siku moja, kijana mmoja anayekaa nyuma kabisa alisema taratibu, kwa hiyo elektroni imepima uzito. Ndiyo. Elektroni imepima uzito.

Nishati ikishapokelewa na maji inakwenda wapi?

Inakuwa joto. Kishada hakina chombo wala hewa ya kukipoza, kwa hiyo kinajipoza chenyewe kwa kutema molekuli. Ukitoka kuoga baharini upepo wa kusi ukakupiga unasikia baridi, maji yanayokauka mwilini yanaondoka na joto lako. Kishada ni hivyo hivyo. Kung'oa molekuli moja kunagharimu kama elektronivolti 0.45, kwa hiyo kishada kilichopewa 1.5 kinaweza kupoteza kama tatu. Wakati mwingine leza ikiwa na nguvu kuzidi kilichoishikilia elektroni, yenyewe ndo inaondoka.

Ni kweli maji yenye elektroni yana rangi ya bluu?

Kweli. Elektroni iliyozungukwa na maji inakula mwanga mwekundu, kilele chake ni kama nanomita 720, kinachobaki machoni ni bluu. Hart wa Marekani na Boag wa Uingereza ndo waliipata hiyo spektra, yaani orodha ya rangi inazokula, mwaka 1962, walipiga maji kwa pigo fupi la elektroni zenye kasi wakanasa rangi kabla haijapotea. Kwenye amonia ya kimiminika rangi hiyo inadumu, Weyl aliieleza tangu 1864.

Sodiamu ikitupwa majini inalipuka, hiyo nayo inahusiana?

Sana. Shuleni tunaambiwa ni haidrojeni inawaka, na kweli inawaka, ila mwaka 2015 watafiti wa Prague na wenzao walitumia kamera ya kasi wakaona kitu kinatangulia. Elektroni zinakimbia kutoka kwenye metali kuingia majini ndani ya muda mfupi sana, metali inabaki na chaji chanya tupu, inajisukuma yenyewe, inachomoza miiba chini ya nusu ya milisekunde. Miiba hiyo ndo inaongeza eneo la kugusana na maji mpaka mlipuko unakuwa mlipuko. Usijaribu nyumbani tafadhali, hata kipande kidogo kinarusha alkali machoni.

Mama yangu anatibiwa kwa mionzi Dar. Hizi elektroni zinamhusu?

Kwanza pole, Mungu amjalie afya. Ndiyo zinamhusu. Mwili sehemu kubwa ni maji, mionzi ikipita inang'oa elektroni kutoka kwenye molekuli za maji, nazo zinatulia majini chini ya milioni moja ya milioni moja ya sekunde. Kazi kubwa ya kuharibu seli za saratani inafanywa na kile kipande kilichobaki cha maji, radikali ya haidroksili, lakini elektroni nazo zimo. Mwaka 2000 timu ya Sanche kule Sherbrooke, Kanada, ilionyesha kwamba elektroni zenye elektronivolti 3 mpaka 20 tu zinakata nyuzi za DNA. Kabla ya hapo watu wengi walizidharau hizo za polepole. Maswali ya dozi na madhara muulize daktari wake, usiogope kuuliza.

Kuna mtu anapita mitaani anauza maji "yenye elektroni za ziada" yanayotoa sumu mwilini. Ninunue?

Usinunue. Tupige hesabu pamoja. Maji ya kawaida yaliyokaa kwenye hewa yana oksijeni iliyoyeyuka, kama miligramu 8 kwa lita. Elektroni iliyo majini ikikutana na oksijeni wanashikana karibu kila wakigongana. Ukipiga hesabu ya mgongano kwa kiasi hicho, elektroni inaishi chini ya milioni moja ya sekunde, kama sehemu ya tano ya hiyo. Ukikamulia ndimu inakufa mapema zaidi maana asidi nayo inaikamata na kuigeuza atomu ya haidrojeni. Hata maji safi kabisa yaliyotolewa oksijeni hayaiweki hata sekunde moja. Sasa hiyo chupa ilijazwa lini? Imesafirishwa na basi toka wapi? Nimeshaona mama mmoja ametoa hela ya dawa ya presha kununua hayo maji na roho iliniuma sana. Kanywe maji safi ya kawaida na umeze dawa zako.

Kwenye maji ya kimiminika ile elektroni ina kishimo chake au haina?

Picha ya zamani, ya Kevan, aliyoitoa kwenye barafu yenye alkali, ni molekuli 6 zimeizunguka elektroni, kila moja imenyoosha haidrojeni moja ndani, katikati patupu. Zipange zile 6 za unga namna hiyo uone, njiti moja moja ielekee kati, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Kishimo nusu kipenyo chake ni kama robo ya nanomita.

Mwaka 2010 Larsen, Glover na Schwartz wakauliza hadharani, hivi kishimo kipo kweli? Hesabu zao zilionyesha elektroni inayavuta maji kuja ndani yake, kwamba imechanganyika nayo. Walijibiwa kwa ukali kidogo. Hesabu nyingi za kikwantumu zilizofuata zimerudi kwenye kishimo, ila kishimo chenye kingo zilizolegea, sehemu ya elektroni inachungulia mpaka kwenye molekuli zenyewe. Mi namshukuru Schwartz kwa lile swali, maana kabla yake wengi tulichora duara katikati tukaona yameisha.

Vidonge vya unga nivihifadhije? Vyangu viliota ukungu.

Weka chumvi nyingi wakati wa kukanda, kama nusu ya unga, halafu anika kivulini siku mbili tatu, juani vinapasuka. Na uvifunike, sisimizi wa hapa Tanga hawana adabu.